Homa Inayopitiliza Siku Tano

Mvua za vuli ndizo tegemeo la mkulima wa Kitui na Makueni, na ndizo pia zinazoleta mbu. Zikishanyesha, zahanati hujaa watoto wenye joto mwilini, na jina la ugonjwa hutangulia kipimo: malaria. Ramani ya malaria ya Kenya haiungi mkono haraka hiyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta vimelea kwa takriban asilimia 6 ya watoto waliopimwa nchini, na asilimia 19 katika kaunti za ukanda wa Ziwa Viktoria. Ukambani umo katika maeneo ya nusu jangwa ambako malaria huja kwa msimu na kiwango chake ni cha chini mno. Kwa hiyo watoto wengi wanaochemka mwili kule Wote, Mwingi, Mutomo au Kibwezi wanaumwa kitu kingine. Wengi wao wana virusi vya mafua na vikohozi ambavyo hupita vyenyewe. Lakini wamo wachache ambao homa yao haipiti, haisikii dawa ya malaria, haisikii antibayotiki, na wakati watu wakingoja ishuke inazidi kuharibu mishipa ya moyo. Ugonjwa huo unaitwa Kawasaki. Chanzo chake hakijathibitishwa hadi leo, na hoja ya makala haya ni kwamba yale tuliyokwisha kuyajua kuhusu chanzo hicho yanatosha kubadili namna tunavyomtazama mtoto mwenye homa Ukambani.

Jina linatokana na Tomisaku Kawasaki, daktari wa watoto aliyefanya kazi katika hospitali ya Msalaba Mwekundu jijini Tokyo. Januari 1961 alimpokea mvulana wa miaka minne mwenye homa na dalili ambazo hazikuingia katika ugonjwa wowote aliousoma. Badala ya kumbandika jina lililo karibu, aliziandika dalili zile kama alivyoziona, akangoja kama angetokea mwingine. Walitokea. Mwaka 1967 alichapisha maelezo ya watoto 50. Picha aliyoichora haijabadilika sana tangu siku hiyo: homa kali ya siku tano au zaidi, macho yote mawili kuwa mekundu bila kutoa tongo, midomo kukauka na kupasuka, na ulimi kuwa mwekundu wenye vijidutu, vipele mwilini, viganja na nyayo kuvimba na kuiva, kisha ngozi ya ncha za vidole kubambuka katika wiki ya pili au ya tatu, na tezi ya shingo kuvimba, mara nyingi upande mmoja. Mtoto mwenye homa hiyo pamoja na dalili nne kati ya hizo tano huhesabiwa kuwa na Kawasaki, iwapo hakuna ugonjwa mwingine unaoeleza hali yake. Wengi wa wagonjwa hawajafika miaka mitano, na wavulana ni wengi kuliko wasichana.

Mwanzoni madaktari wa Japani waliamini kwamba ugonjwa huu hauna madhara, kwa kuwa homa hatimaye hushuka yenyewe hata bila dawa. Mwaka 1970 walipohesabu wagonjwa nchi nzima waligundua kwamba wapo watoto waliokufa ghafla walipokuwa wakionekana wanapata nafuu. Maiti zilipopasuliwa, tatizo lilionekana moyoni. Kawasaki ni mwako wa kuta za mishipa ya damu, na mishipa ambayo ugonjwa huu hupenda kuishambulia ni ile miwili inayoulisha moyo wenyewe. Ukuta ukilegea, mshipa hutanuka kama kifuko, damu huganda ndani yake, na moyo wa mtoto wa miaka miwili unaweza kupata shambulio ambalo kwa kawaida tunalihusisha na wazee. Pasipo matibabu, takriban mtoto mmoja kati ya wanne hupata madhara hayo ya mishipa. Akipewa kingamwili kwa dripu ndani ya siku kumi za mwanzo, pamoja na aspirini chini ya uangalizi wa daktari, hatari hiyo hushuka hadi karibu asilimia 5. Kalenda ndiyo inayoamua mengi katika ugonjwa huu: siku ya tano unautambua, siku ya kumi umeanza kuchelewa.

Ni nini basi kinachouleta? Kabla ya kuangalia majibu yaliyopendekezwa, inafaa kukumbuka jinsi chanzo cha ugonjwa kinavyosakwa, na watu wa Makueni na Kitui wanao mfano wa kwao. Mwaka 2004 watu wa kaunti hizi walianza kufa wakiwa na macho ya manjano na matumbo yaliyojaa maji. Mtu angeweza kudhani ni virusi vya ini, au maji machafu, au mkono wa mtu. Wachunguzi walichukua wagonjwa 40 na watu wazima wa afya 80 wa maeneo yaleyale, wakawauliza maswali yaleyale na kupima vyakula vyao. Tofauti iliyojitokeza ilikuwa kwenye mahindi: wagonjwa walikuwa wamekula mahindi ya shambani mwao yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, yenye sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini kwa viwango vya kutisha. Wagonjwa walifika 317, na 125 kati yao walikufa. Somo lenyewe ni la njia iliyotumika. Chanzo hakijulikani kwa kukitazama kile mgonjwa alichokuwa nacho peke yake. Hujulikana kwa kuuliza ni nini mgonjwa alikuwa nacho ambacho jirani yake mzima hakuwa nacho. Kawasaki imefanyiwa maswali hayo kwa zaidi ya miaka 50, na ingawa jibu la mwisho halijapatikana, majibu ya njiani yanaelekea upande mmoja.

Dokezo la kwanza ni umri. Watoto wachanga wasiofika miezi mitatu ni nadra kuugua, na watu wazima ni nadra zaidi. Kilele chake kiko kati ya miezi sita na miaka mitano. Mpangilio huo tunaujua kutoka kwa magonjwa mengi ya kuambukiza: mtoto huzaliwa akiwa na kinga aliyoirithi kwa mama, kinga hiyo hupungua baada ya miezi kadhaa, kisha huanza kukutana na vijidudu vya mtaani kimoja baada ya kingine, na akifika umri wa shule amekwisha kukutana navyo vyote. Sumu ya chakula au ya mazingira isingechagua umri kwa namna hiyo. Kama chanzo kingekuwa, kwa mfano, dawa ya kunyunyizia mazao, mtoto wa miaka minane na nyanya yake wangekuwa hatarini kama mtoto wa mwaka mmoja, kwa maana wote wanakaa boma moja. Umri huu wasema kwamba kitu chenyewe kimeenea sana, kiasi kwamba karibu kila mtu hukutana nacho utotoni na kubaki na kinga.

Dokezo la pili ni majira na milipuko. Japani ilipata mawimbi makubwa mwaka 1979, 1982 na 1986, kila wimbi likianzia sehemu moja na kusambaa kwenda nyingine. Katika nchi za baridi wagonjwa huongezeka majira ya baridi hadi masika. Kisha likaja jaribio ambalo hakuna mtafiti angeruhusiwa kulipanga: janga la UVIKO-19. Watoto walifungiwa nyumbani, shule za chekechea zikafungwa, watu wakavaa barakoa. Mwaka 2019 Japani ilihesabu zaidi ya wagonjwa 17,000 wa Kawasaki. Mwaka 2020 walishuka hadi karibu 11,000. Hospitali za nchi nyingine ziliona upungufu kama huo. Yapo maelezo mbadala, kwamba wazazi waliogopa hospitali na wagonjwa hawakuhesabiwa. Lakini homa isiyoshuka kwa siku tano ni vigumu mzazi kuivumilia nyumbani, na baadhi ya magonjwa ya watoto yasiyoambukizwa kwa pumzi hayakushuka kwa namna hiyo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba angalau sehemu kubwa ya visa vya Kawasaki huanzishwa na kitu kinachopita kutoka mtu hadi mtu kwa njia ya hewa.

Hata hivyo kijidudu peke yake hakitoshi kueleza kila kitu, na hapa linaingia dokezo la tatu: damu ya ukoo. Japani ina kiwango kikubwa kuliko nchi zote, zaidi ya wagonjwa 300 kwa mwaka kwa kila watoto 100,000 wasiofika miaka mitano. Marekani ina takriban 20. Ungeweza kusema tofauti ni ya hali ya hewa au chakula, mpaka uwatazame watoto wa asili ya Kijapani waliozaliwa Hawaii. Wanakula na kuishi kama Wamarekani wenzao, lakini kiwango chao cha Kawasaki kinakaribia kile cha Japani. Ndugu wa mtoto aliyeugua ana hatari ya takriban mara kumi ya mtoto mwingine. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walitambua tofauti ndogo katika jeni iitwayo ITPKC, ambayo kazi yake mojawapo ni kuzituliza chembe za kinga zisipitilize. Jeni nyingine zinazohusika na kinga zimeongezwa kwenye orodha baadaye. Na bado, hata kati ya ndugu wa wagonjwa, walio wengi hawaugui kamwe. Urithi hufungua mlango tu. Ni lazima kitu kingine kiingie.

Watuhumiwa waliokamatwa na kuachiliwa ni wengi, na kesi zao zinafundisha. Mwaka 1982, mlipuko wa Denver nchini Marekani ulihusishwa na sabuni za kuoshea mazulia. Uchunguzi wa baadaye sehemu nyingine haukuona uhusiano wa uhakika. Kwa muda ilidhaniwa ni sumu za bakteria zenye uwezo wa kuamsha chembe nyingi za kinga kwa mpigo mmoja. Vipimo vya sumu hizo vilitoa majibu yanayopingana. Mwaka 2005 watafiti wa New Haven walikuta virusi fulani vya jamii ya korona kwa watoto 8 kati ya 11 wenye Kawasaki, na kwa 1 tu kati ya 22 wasio nayo. Tofauti hiyo ilishtua dunia ya tiba, lakini walipojaribu wengine, katika miji na nchi nyingine, hawakuipata. Wengine wamefuata mikondo ya upepo kutoka mashamba ya nafaka ya kaskazini-mashariki mwa China hadi Japani, wakishuku chembechembe za kuvu zinazobebwa angani. Kila dhana ilianza na ushahidi wa kweli, na kila moja ilikwama ilipodaiwa ieleze watoto wote. Ndiyo sababu anayekuja leo na chanzo kimoja, awe daktari au muuza dawa za mitishamba, anastahili kuulizwa swali moja: jambo hilo limejaribiwa wapi kwingine, na likatoa jibu lilelile?

Tukiyaweka madokezo matatu pamoja, jibu linalobaki ni la pande mbili. Kijidudu cha kawaida, na pengine vijidudu kadhaa tofauti, humwingia mtoto ambaye kinga yake, kwa urithi, hujibu kwa nguvu kupita kiasi na kugeukia mishipa yake mwenyewe. Dhana hii si ya kubuniwa hewani, kwa maana tunayo magonjwa mengine yanayofuata njia hiyohiyo. Homa ya baridi yabisi, ambayo imewaachia Wakenya wengi vali mbovu za moyo, huanza na koo lililoambukizwa bakteria. Wiki mbili au tatu baadaye, koo likiwa limekwisha kupona, kinga huushambulia moyo na viungo. Na mwaka 2020, kuanzia London, madaktari waliona watoto wakipata mwako mkali wa mwili wiki chache baada ya kuambukizwa korona, wengine wakiwa na macho mekundu na midomo iliyopasuka kama ya Kawasaki. Hali hizo mbili hazifanani kabisa: ile ya baada ya korona iliwapata zaidi watoto wakubwa, ikawaumiza tumbo na kuilegeza misuli ya moyo. Lakini ilithibitisha jambo moja ambalo kabla ya hapo lilikuwa nadharia tu, kwamba kirusi kinachowapitia watoto wengi bila madhara kinaweza, kwa wachache, kuacha nyuma yake moto wa namna hii.

Jibu hili la pande mbili lina faida ambayo huenda isionekane haraka: linamwondolea mama lawama. Mtoto akiugua ghafla, familia hutafuta kosa. Alilishwa nini? Alipelekwa msiba gani? Alitazamwa na nani? Wengine siku hizi huielekezea chanjo kidole, kwa kuwa umri wa Kawasaki ni umri uleule wa ratiba ya chanjo. Pingamizi hili linastahili jibu kamili, si kejeli. Watoto karibu wote huchanjwa katika miezi yao ya mwanzo, hivyo ugonjwa wowote wa umri huo utawakuta baadhi wametoka kuchanjwa wiki iliyopita. Ukaribu wa tarehe hauthibitishi kitu. Tafiti kubwa zilizolinganisha watoto katika siku za baada ya chanjo na siku nyingine hazikuona ongezeko la Kawasaki. Kuna uhusiano mmoja wa kweli kati ya chanjo na ugonjwa huu, nao ni wa msaada: kovu la BCG, ambalo mtoto wa Kenya hubeba kwenye mkono wa kushoto, linaweza kuvimba na kuwa jekundu wakati wa Kawasaki. Chanjo haikuuleta ugonjwa. Kovu lake linausaliti. Nchi kama Marekani, ambako BCG haitolewi kwa watoto wote, hazina alama hiyo. Sisi tunayo, na haigharimu chochote kuitazama.

Pingamizi zito zaidi ni hili: huu ni ugonjwa wa Wajapani, na daktari wa Kitui anaweza kufanya kazi maisha yake yote bila kuuona. Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo inakanushwa na takwimu za Marekani, ambako watoto Weusi hulazwa kwa Kawasaki kwa kiwango kinachozidi kile cha watoto Wazungu. Asili ya Kiafrika basi si ngao. Wagonjwa wameripotiwa Afrika Kaskazini, Afrika Magharibi na Afrika Kusini, na hata Nairobi madaktari wa watoto wameutambua na kuutibu. Sehemu ya pili ya kauli ni kweli, ila si kwa sababu inayodhaniwa. Wekundu wa vipele na viganja, ambao vitabu huuonyesha kwenye ngozi nyeupe, kwenye ngozi nyeusi hufichika. Mara nyingi huonekana kama mabaka yaliyokoza au ngozi iliyotutumka tu. Dalili nazo hazikai pamoja: macho yanaweza kuwa mekundu siku ya pili na kusafika siku ya nne, siku ambayo vipele ndiyo kwanza vinatoka. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema "hii ni Kawasaki". Ugonjwa unaotambuliwa kwa macho na kumbukumbu tu hauwezi kuonekana mahali ambapo kila homa imekwisha kupewa jina.

Kwamba homa hupewa jina kabla ya wakati si dhana. Katika hospitali mbili za Moshi, ng'ambo ya pili ya Kilimanjaro ukiwa Makueni, watafiti walifuatilia watoto na watu wazima 870 waliolazwa kwa homa mwaka 2007 na 2008. Zaidi ya asilimia 60 walikuwa wameandikiwa malaria. Vipimo makini vilithibitisha malaria kwa asilimia 1.6. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2014, ulichunguza watoto 1,005 wenye homa huko Dar es Salaam na Ifakara: karibu asilimia 10 walikuwa na malaria, na zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi yao ya virusi. Hali imebadilika tangu siku hizo, kwa kuwa vipimo vya haraka vimeenea hadi zahanati za vijijini. Lakini kipimo kikisema hakuna malaria, jina jingine huchukua nafasi yake upesi, taifodi ikiwa ya kwanza, na mtoto huondoka na chupa ya antibayotiki. Siku ya tatu chupa hubadilishwa. Siku ya sita hutafutwa duka jingine la dawa. Hakuna aliyekosea kwa makusudi. Ila hakuna aliyehesabu siku.

Yupo atakayesema kwamba kaunti inayopambana na ukame, utapiamlo na kuhara haina nafasi ya kufikiria ugonjwa adimu. Ingekuwa haki kama kumfikiria mgonjwa wa Kawasaki kungedai mtambo mpya. Kinachodaiwa ni swali moja, na swali hilohilo huwaokoa watoto wengi wasio na Kawasaki. Homa ikifika siku tano na malaria haipo, mhudumu anayefuata orodha ya dalili atakutana na surua, ambayo macho yake mekundu hutoa machozi na huja na kikohozi kwa mtoto aliyekosa chanjo. Atakutana na dengi na chikungunya, zinazobebwa na mbu. Atakutana na madhara ya dawa aliyopewa mtoto juzi, yanayochubua midomo na ngozi, na hapo kumwongezea dozi kungekuwa hatari. Atakutana na maambukizi ya mkojo, ambayo kwa mtoto mdogo hayana dalili nyingine ila homa. Na Kitui ina sababu yake ya kihistoria ya kutoidharau homa ndefu: mwanzoni mwa miaka ya 1950 wilaya hiyo ilipata mlipuko mkubwa wa kala-azar, homa ya majuma inayovimbisha wengu, na ilichukua uchunguzi wa miaka kabla ya watafiti kuwafuatilia usubi wanaoieneza hadi kwenye vichuguu vya mchwa. Ugonjwa huo nao ulikuwa umefichama ndani ya homa za kawaida.

Pingamizi la mwisho ni la fedha, nalo ndilo gumu. Dawa ya kingamwili hutengenezwa kutokana na damu ya wachangiaji wengi, huagizwa kutoka nje, na bei yake ni mzigo hata kwa familia ya mshahara. Kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, pamoja na daktari wa kukisoma kwa mtoto, hakipatikani kila hospitali. Kuna faida gani basi kuujua ugonjwa usioweza kuutibu kijijini? Faida ya kwanza ni rufaa ya mapema: mtoto anayetumwa siku ya sita kutoka Ikutha hadi Hospitali ya Rufaa ya Kitui, au kutoka Kibwezi hadi hospitali ya mama na mtoto ya Wote, bado ana muda wa kupelekwa Nairobi kabla ya siku ya kumi. Anayetumwa siku ya kumi na mbili amekwisha kuupoteza. Faida ya pili ni kwamba pesa tayari zinatumika, kwa antibayotiki tatu zisizohitajika na nauli za kwenda na kurudi. Ya tatu ni kwamba dawa haiwezi kuagizwa kwa ugonjwa ambao kwenye madaftari haupo. Makueni ilionyesha mwaka 2016, ilipoanzisha mpango wake wa MakueniCare, kwamba kaunti inaweza kuamua yenyewe familia zake zitibiwe vipi. Uamuzi wa namna hiyo hujengwa juu ya hesabu ya wagonjwa, na kwa Kawasaki hesabu hiyo haijaanza.

Kwa mzazi, yanayofaa kufanywa ni machache na yako ndani ya uwezo wake. Andika siku homa ilipoanza, hata nyuma ya kadi ya kliniki. Macho yakiwa mekundu au vipele vikitoka, piga picha kwa simu, kwa kuwa dalili zinaweza kutoweka kabla ya kufika kwa daktari, na picha ya siku ya pili inaweza kuwa ushahidi anaouhitaji siku ya tano. Tazama midomo, ulimi, viganja, shingo na kovu la BCG. Usimpe mtoto aspirini kwa shauri lako. Katika Kawasaki hutolewa na daktari kwa kipimo maalumu, na katika homa nyingine za virusi inaweza kumdhuru vibaya ini na ubongo. Kama mtoto amewahi kutiwa kingamwili, mwambie muuguzi kabla ya chanjo ya surua, maana kwa kawaida huahirishwa kwa miezi 11 ili ifanye kazi. Na homa ikifika siku ya tano, usibadilishe duka la dawa. Nenda hospitali, ukaulize waziwazi kama hii inaweza kuwa Kawasaki. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja anahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu yeye huweza kuonyesha dalili mbili au tatu tu huku mishipa yake ikiharibika kuliko ya wakubwa wake.

Kwa upande wa serikali za kaunti, nafasi iko wazi. Mwaka 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 walipewa vifaa na simu nchini kote, na ndio wa kwanza kufika kwenye boma lenye mtoto mgonjwa. Kuwafundisha kuhesabu siku za homa na kutazama viungo vitano vya mwili hakuhitaji bajeti mpya. Hospitali za Kitui, Mwingi, Makindu na Wote zikianza kuandika kila homa ya siku tano isiyo na maelezo kwenye daftari moja, baada ya miaka miwili au mitatu zitakuwa na kitu ambacho utafiti wa dunia unakihitaji sana: sura ya Kawasaki katika nchi kavu ya tropiki, ambako hakuna majira ya baridi na vijidudu vinavyozunguka ni tofauti na vya Tokyo. Kama wagonjwa wataongezeka baada ya vuli, hilo ni dokezo. Kama watatawanyika mwaka mzima, hilo nalo ni dokezo, tena la kuzipa shida nadharia za upepo na baridi. Japani haikuanza na maabara. Ilianza na daktari aliyeorodhesha watoto 50, kisha taifa lililokubali kuwahesabu kila baada ya muda. Chanzo cha ugonjwa huu kitajulikana kutokana na hesabu za namna hiyo, na wakati tukikingoja, hesabu hizohizo ndizo zitakazomfikisha mtoto wa Ukambani kwenye dawa kabla ya siku ya kumi.